Kona ya Somoe

Kwako mama yangu, uliyetutangulia,

Wale watu wa visima vya gesi wamerudi. Ulisema watarudi, sisi tukakucheka.

Unakumbuka walivyotoboa mara ya kwanza, jirani na shamba letu huku bonde la mto Ruvuma? Walikuwa na haraka ya kufika chini kabisa. Walichokitaka hawakukipata, wakaziba kisima kwa zege wakaenda zao. Wewe ukaligeuza zege lile uwanja wa kuanikia makopa, na kijiji kizima hakikuwa na mihogo mikavu kama yako. Sasa wanasema kuna tabaka la mawe walilipita njiani bila kulijali, na huenda gesi imo humo. Mjomba aliposikia akapiga makofi: "Kumbe dada alikuwa anaanika makopa juu ya mali!" Nilicheka, kisha nikalia, maana wewe ungecheka kunizidi.

Kilichoniogopesha ni barabara. Ile waliyochonga zamani ilikuwa ipite juu ya mkorosho ulioupanda pale ulipozika kitovu changu. Nilikuwa mtoto, nimeshika khanga yako. Hukupiga kelele. Uliwakaribisha uji kwanza, halafu ukawapeleka mbele ya mti, ukautambulisha kama mtu: "Wanangu, huyu ni Somoe. Mkimkata, mniambie na huyu mwingine nimpeleke wapi." Wakanitazama, wakautazama mti, wakaipinda barabara. Mpaka leo madereva wa bodaboda wanapaita Kona ya Somoe, na sijamwona mtu mwingine aliyepinda barabara kwa uji na maneno mawili.

Wala hukuwa adui wa gesi. "Waichukue," ulikuwa ukisema, "mimi kuni zimenichosha. Ila waingie kwa adabu."

Juzi mjomba alinipigia simu dukani kwangu mjini, Ufukoni. Magari ya sasa ni marefu, kona inanyooshwa, mkorosho umeshapigwa alama ya rangi nyekundu. Nilifunga duka nikaondoka hivyohivyo. Njia nzima naogopa, mama. Ulimi wako sikuurithi.

Nilimkuta mpimaji, binti mdogo tu, mzaliwa wa Newala, anapigilia vigingi. Nikamkaribisha uji. Akanywa. Nikampeleka kwenye mti, nikafungua mdomo nimwambie huyu ni Somoe, jina likagoma kutoka. Tangu uondoke, nikija pale siji kujitazama mimi.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

Binti akavua kofia yake ngumu, akapiga goti kidogo, kama walivyomfunza kwao.

"Shikamoo, mama."

Kisha akang'oa kigingi, akavuka nacho kwenda upande wa pili. Kona itapanuliwa huko, akasema, mti hauguswi.

Ile shikamoo sikuiacha ipotee. Niliitikia mimi kwa niaba yako: "Marahaba, mwanangu."

Mwanao wa konani,
Somoe