Picha ya Mtu Mwenye Chupa

Kambini, 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kikohozi chake kimepungua na wewe umepunguza kumsuta kwa kukohoa. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, maana nalala juu ya mawe ninayoyasomea. Mtandao wa simu haufiki huku bondeni, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama wazee wetu. Dereva wa maabara huleta dawa za zahanati kila wiki, amekubali kutubebea.

Nimemaliza ramani ya miamba, na ni kama nilivyohofia. Bonde zima limekaa juu ya majivu ya volkeno ya kale, na maji yakipita humo hutoka na floridi nyingi. Huioni wala huionji. Ukinywa leo huna neno, ukinywa kesho huna neno. Lakini mtoto akiyanywa miaka nenda rudi, meno huwa ya kahawia, kisha mifupa inapinda. Hapa watoto wenye matege ni wengi kuliko wasio nayo. Salama ni kisima kimoja tu, kile cha juu kwenye mwamba mweusi.

Kosa langu ni kulisema hilo mkutanoni. Kesho yake bonde zima likahamia kisima kile kimoja. Walianza kwa kusukumana, wakamalizia kwa ndoo. Nimemwona mama mtu mzima akimpiga mwenzake kichwani kwa mpini wa pampu, na aliyepigwa akainuka, damu imemjaa jicho, akatafuta jiwe naye. Nyundo, mchimba visima wetu, aliingia kati kuamua, akang'atwa mkono mpaka nyama ikaachia. Akawa anacheka huku namfunga bendeji. Anasema bora agombane na mwamba, mwamba hauna meno.

Kwa hiyo mwambie shemeji aharakishe lile chujio. Na wewe tuchoree bango, ndiyo kazi yako. Wengi hapa hawasomi, weka picha tupu.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Machi

Mdogo wangu Masikio,

Marahaba. Sisi ni wazima, kikohozi kimeondoka na kusutwa kumebaki. Pole kwa mgongo, na mpe pole nyingi Nyundo. Lakini na wewe, mtu anatangaza kisima kimoja kizuri mbele ya watu wenye kiu halafu anashangaa ngumi? Elimu haikukusaidia kitu.

Shemeji yako amefaulu. Ule utando wake, mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, unazuia floridi na kupitisha maji. Unasukuma kwa mkono, huhitaji umeme. Sharti lake moja: usikauke hata kidogo, ukikauka unapasuka. Chujio la kwanza linakuja na gari hili, lifungeni zahanati. Ameliaga kama anayesafirisha binti.

Bango nalo linakuja. Nimeweka picha nne. Ya kwanza, mtu ameinama kisimani na chupa, yaani anapima. Ya pili, mama anateka. Ya tatu, mtoto amekunywa na miguu imepinda. Ya nne, maji yanapita kwenye chujio na mtoto amesimama wima. Yule mtu wa chupa ni wewe, kofia yako na masikio yako yale yale. Nilikuwa nimekukumbuka, mkono ukaenda wenyewe. Nimewaonyesha wenzangu wote ofisini na hakuna aliyeuliza swali.

Jitunze, na ule.

Dada yako


Kambini, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Nawatakia heri nyote. Huku si kwema sana.

Mabango tuliyabandika, na mwanzoni yalikuwa kicheko. Watoto waliyashika masikio yangu kwenye karatasi, kisha wakaja kulinganisha na haya ya nyama. Halafu akaja bibi mmoja na fimbo yake, akapita na kidole picha kwa picha. Akaniuliza, "Huyu ni wewe?" Nikasema ndimi. "Na hapa unatia nini humo kisimani?"

Nikamwambia, "Sitii, bibi. Nachota nipime."

"Mbona mtoto amepinda baada ya wewe kuinama?"

Niliona uchungu, dada, kwa sababu kosa hatukuliona hata mmoja wetu. Sisi watu wa utafiti husimulia kwa kuanza na tulichofanya sisi. Wao wameisoma kama hadithi yoyote inavyosomwa: alikuja mtu na chupa, akainama kisimani, mama akateka, mtoto akapinda. Ile picha ya nne wanasema ndiyo biashara yenyewe, kwanza tuwatie sumu, kisha tuwape dawa yake. Niliwaambia matege yalikuwepo hata kabla sijazaliwa. Mzee mmoja akanijibu, "Basi atakuwa alikuja baba yako."

Juzi walivunja masanduku ya sampuli. Jana hema lilipigwa mawe tukiwa ndani, na Nyundo alipotoka kuwatuliza alipigwa ubapa wa panga mdomoni. Ametema meno mawili mkononi, akayatazama, akaniambia kwa taabu kwamba sasa anahitaji uji. Sikucheka.

Usichape tena bango lile. Nitoe mimi. Anza na mwamba, anza na majivu, waone ubaya unatoka chini ya ardhi. Fanya haraka, nakuomba.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Dereva hajarudi na barua yako, nimeona nisingoje. Sisi hatujambo kabisa.

Nina habari njema. Mkuu wetu amelipenda bango mpaka ametoa fungu la kuchapa mengine, makubwa kama mlango, yabandikwe sokoni, kwenye mashule na ukuta mzima wa zahanati. Sura yako itajaa bonde, mchumba hutakosa. Kumi na mbili yametangulia leo asubuhi na gari la wizara yetu, kwa hiyo yatafika kabla ya barua hii.

Shemeji yako anauliza kama utando umebaki na unyevu. Nijibu hilo kwanza, maana halali.

Dada yako


Zahanati, 29 Machi

Dada,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia wameuvunja.

Nyundo amekufa. Mabango makubwa yalifika siku ya soko, na sura yangu ikasimama mbele ya watu wote, kubwa kuliko mimi. Walikuja kambini wengi. Nyundo alisimama mlangoni mwa hema na kuwaambia wapite juu yake kwanza. Wakapita. Walimpiga kwa mabomba yake mwenyewe ya kuchimbia, na alipoanguka waliendelea. Nilimsikia akiita mama yake, kisha sikumsikia tena. Mimi nilikimbia, dada. Walinikamatia kwenye ua wa zahanati, mmoja akauweka mkono wangu juu ya jiwe na mwingine akaupiga kwa jiwe jingine, akisema, "Usishike chupa tena." Muuguzi ndiye aliyeniburuta ndani na kufunga. Alisimama dirishani na mkasi mkononi, mama wa watu mwenye wajukuu, anawaambia atakayeingia atatoka bila macho.

Polisi wawili walikuja, wakaandika maelezo, wakaubeba mwili wa Nyundo, wakaondoka. Tangu waondoke, barabara imefungwa kwa magogo. Dereva peke yake anapita, kwa sababu ya dawa, na wanalipekua gari mpaka chini ya viti.

Nimekukasirikia. Ulinichora kwa mapenzi, najua, na mapenzi yako yamemuua rafiki yangu. Siwezi kukuficha hilo.

Sasa nisikilize. Mwenyekiti wao amewatuliza kwa sharti moja. Jumamosi hii natakiwa sokoni ninywe maji ya kisima cha chini, kile wanachosema nilikitia sumu, ndoo ndogo nzima ya lita tatu, mbele ya wote. Nikinywa, sikutia sumu, naachwa. Nikikataa, wananimaliza hapo hapo.

Unajua kwamba ndoo moja hainidhuru. Hayo maji huumiza kwa miaka. Na hiyo ndiyo balaa. Nikinywa nikasimama mzima, nitakuwa nimewaambia wote kwamba maji ni mazuri. Hakuna bango litakalofuta hilo, wala ramani, wala chujio. Kuna mama huja hapa kila asubuhi na binti yake mdogo kuchukua maji ya chujio la shemeji. Mtoto miguu yake bado imenyooka. Bonde zima likiniona nimekunywa, hatakuja tena.

Kwa hiyo sitakunywa. Nitaenda na ramani niwaeleze. Muuguzi anasema watanimaliza kabla sijaikunjua. Huenda. Mwambie shemeji utando una unyevu, muuguzi anaulowanisha kila siku.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu. Dereva anangoja barazani, nimemwomba ageuze sasa hivi na asilale njiani.

Kunywa.

Unanisikia? Kunywa ndoo yote, lamba na chini. Nimemuua Nyundo kwa kalamu yangu, na nitaishi na hilo kwa kuwa sina budi. Wewe siwezi. Shemeji yako amesoma barua yako, akasema nikikwambia unywe basi kazi yake ya miaka yote imekwisha huko bondeni, na watoto wale pia. Nikamwambia utando atatengeneza mwingine, wewe mama alikuzaa mara moja. Ametoka nje na hajarudi mpaka sasa.

Ninajua ninachokuomba. Mimi ndiye ninayelipwa kuwaambia watu ukweli kuhusu maji. Siku watoto wale watakapouliza, waje kwangu, nitajibu mimi. Nikasirikie maisha yako yote, usinisemeshe tena, lakini uwe hai usinisemeshe.

Usiende na ramani. Kunywa, mdogo wangu. Nakupigia magoti.

Dada yako


Hospitali, 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri na shemeji amerudi.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliisoma mpaka nikaikariri. Jumamosi walinipeleka sokoni, na karibu kila mtu ameshika jiwe, hata wanawake, hata bibi yule wa fimbo. Ramani niliiacha zahanati. Waliniwekea ndoo na kikombe cha bati. Nilikunywa. Katikati nilitapika, mwenyekiti akasema nianze upya, nikaanza upya. Kisha wakanikalisha juani wanitazame kama nitakufa. Sikufa.

Walishangilia. Vijana wawili walinibeba mabegani, na mmoja wao nilimkumbuka, ndiye aliyeuvunja mkono wangu kwa jiwe. Kutoka hapo wakaenda zahanati moja kwa moja. Muuguzi alisimama mbele ya chujio na kuwaambia lile halina kosa. Walimpiga mateke mbele yangu, mama yule, watu aliowazalisha mwenyewe. Utando wa shemeji waliutoa wakaupasua vipandevipande, kila mtu akitaka kipande chake. Nilipiga kelele lakini sauti ilikuwa imekwisha kwa kutapika.

Muuguzi yuko hai. Nimemleta huku na dereva, ana mbavu tatu zimevunjika na sikio moja halisikii. Hajanilaumu, nami sijamwambia nilikunywa kwa ushauri wa nani.

Yapo ya mwisho nikueleze. Nilipokuwa bado nimekaa pale sokoni, kabla hawajaninyanyua, alikuja yule mama na binti yake. Ndoo ile ile ilikuwa imejazwa tena; alichota kikombe, akakishika, hakumpa mtoto. Alinitazama. Alikuwa ananiuliza, dada, kwa macho tu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia asiyanywe. Mawe yalikuwa bado mikononi mwa watu. Ningetikisa kichwa mara moja tu kukataa, angeelewa, na wao pia wangeelewa.

Nilimwitikia kwa kichwa kwamba ampe. Mtoto akanywa yote, akarudisha kikombe na kuniambia asante.

Hapa hospitali simu zipo, ningeweza kukupigia. Nimeshindwa kusema haya huku nikisikia sauti yako. Niko hai, kama ulivyoniomba. Nyumbani siji kwanza.

Mdogo wako