Wufa Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefua mashati ya Wafula mapema ili yakauke kabla ya mvua ya mchana. Mume wangu. Kila nikiliandika neno hili nataka kuliandika tena. Mume wangu. Kola zake nimezisugua kama za mfalme.

Kisha kompyuta. Ilikuwa imejaa virusi. Ukifungua kitu, unapika chai, unakunywa, bado hakijafunguka. Nimeifuta yote na kuweka mfumo upya. Kazi ya kawaida. Niliifanya sana pale saiba ya mjini, duka la kukodisha intaneti nilikoajiriwa baada ya kidato cha nne, mpaka mwenye duka akafunga na kunipa mashine hii kuwa zawadi ya harusi. Video ya harusi yetu nilikuwa nimeihifadhi kwenye flashi. Mimi si mjinga. Nikaipangusa vumbi, nikarudisha nyaya zote, nikaivisha kitambaa kipya cha waridi nilichofuma kwa mkono. Waridi ndiyo rangi ya harusi yetu.

Imewaka vizuri, nyepesi. Nimefungua video. Wafula wangu ndani ya suti ya bluu, Mungu wangu. Lakini kimya. Alama ya spika chini ya kioo ina msalaba mwekundu. Draiva ya sauti haipo, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia spika. Saiba tulikuwa na diski yenye draiva zote. Hapa sina.

Nitaipata. Jumapili wazazi wa Wafula wanakuja kutoka Matete kutuona kwa mara ya kwanza. Siku ya harusi Baba alikuwa amelazwa hospitali. Hakuona wala kusikia chochote. Na kwa desturi ya kwao, baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe wakati bibi arusi bado ni mgeni. Yeye atakaa nje, mimi ndani. Kioo hatakiona. Atakachopata ni sauti tu, kupitia dirishani. Simu hainifai, inalia kama mbu. Nataka wufa, ile spika yetu kubwa ya mdundo.

Jumanne, 5 Agosti

Boaz amepiga simu. Nimekasirika mpaka sasa.

Boaz ni kaka mkubwa wa Wafula. Mtu wa maneno. Mume wangu ana kigugumizi, kwa hiyo tangu utotoni Boaz ndiye anayemsemea. Hata siku ya mahari, ni Boaz aliyesimama kusema kwamba Wafula ananipenda. Niliumia siku ile. Nilitaka kusikia kutoka kwa mwenyewe.

Sasa amesikia kwamba kompyuta haina sauti. Anataka tumpelekee pamoja na flashi, aitengeneze, na akiwa hapo akate sehemu ambayo Wafula alikwama kwenye kiapo, aweke wimbo juu yake. Eti tumhurumie mzee.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo kitu si sufuria. Utaichoma."

"Sufuria pia sichomi, shemeji. Jumapili utakula, utaona."

Nikakata simu.

Aliposema "alikwama," najua anasema nini. Wafula alikwama kwenye jina langu. Kanisa zima likanyamaza. Boaz akainama amsaidie, Wafula akamwinulia kiganja. Akangoja. Akalisema mwenyewe. Nekesa. Sijawahi kuitwa jina langu namna ile na mtu yeyote. Anayetaka kukata hapo aanze na mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya.

Nimepakua programu iliyoahidi kuleta draiva za kila aina. Imeleta matangazo ya kamari. Yamejaa kioo chote, ukifunga moja yanazaliwa mengine. Nimelazimika kufuta mashine na kuanza tena tangu mwanzo. Nikajaribu draiva nyingine, ya mashine inayofanana na yetu. Imekwenda nusu, ikakataa. Kufanana si kitu.

Ngurumo zikaanza. Radi ya hapa haina mzaha. Nikachomoa kila kitu na kukaa kitandani kama mfungwa.

Wafula alirudi amelowa, amebeba mahindi ya kuchoma ndani ya shati yasipate maji. Nampenda mpaka kifua kinauma. Halafu akaharibu. Akasema, polepole, kwamba labda Boaz anasema kweli. Labda ni heri Baba asisikie.

Nikamwambia hapana. Akasema ni sauti yake. Nikasema ni jina langu. Ugomvi wetu wa kwanza kama mke na mume. Mahindi tulikula kila mtu akitazama upande wake.

Sijutii. Sitaki kuolewa na wimbo.

Alhamisi, 7 Agosti

Kama kufanana si kitu, basi nitajua jina lake hasa. Nimefungua skrubu za ubavuni na kutoa kifuniko. Vumbi la saiba la miaka yote lilikuwa humo, nikalitoa kwa brashi ya rangi ya Wafula. Kwenye ubao mkuu wa ndani, katikati ya vyuma, kuna maandishi madogo. Nimeyapiga picha, nikayakuza. Jina na namba. Hilo ndilo nililopaswa kufanya Jumatatu.

Nimelitafuta jina hilo kwa simu, nikafika ukurasa wa waliotengeneza ubao wenyewe. Draiva ilikuwa hapo, imekaa tu, inanisubiri. Nimeipakua, nikaihamisha kwa waya, nikaiweka kwenye mashine, nikazima na kuwasha.

Msalaba mwekundu umeondoka. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini.

Nikafungua video. Kimya.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Taa ya wufa inawaka. Kimya. Nimelia ndani ya leso.

Wafula ameuliza kama ampigie kaka yake. Nimemwambia akithubutu, atakula kwa Boaz.

Ijumaa, 8 Agosti

Kitambaa. Kitambaa changu mwenyewe!

Nilikuwa nafagia. Nikakiinua nipanguse nyuma ya mashine, nikaona. Jana, nilipokwisha kufunga kifuniko, niliivisha kwanza, kisha nikarudisha waya wa wufa kwa kupapasa, mkono chini ya ufumaji, kwa sababu sikutaka kukivuruga kilivyokaa vizuri. Nikachomeka kwenye tundu la kwanza lililokubali. La waridi. Tundu la waridi ni la maikrofoni. La spika ni la kijani. Nimewafundisha watu hilo kwa mdomo huu.

Nimehamisha waya. Sauti ya mchungaji ikalipuka ndani ya nyumba, kuku wa jirani wakatawanyika. Nimecheza peke yangu katikati ya sebule.

Kitambaa kimehamia mezani. Hapo hakiwezi kudhuru mtu.

Wafula alirudi nikiwa nimeifikisha video kwenye kiapo. Hakuingia. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akijisikiliza. Kimya chake kilipofika aliinamisha kichwa. Jina langu lilipotoka akanitazama.

"Acha ikae," akasema.

Basi. Hayo tu. Nimembusu mbele ya mlango ulio wazi, na wanaopita waseme watakavyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama yangu amenitumia kuku kutoka kwetu Shianda. Ingokho ya kweli, ya kufugwa nyumbani, si ya duka. Nimeosha nyumba yote. Nimejaribu sauti asubuhi, nimejaribu mchana, nimejaribu kabla ya mvua. Ipo. Ipo. Ipo.

Aje sasa huyo Boaz.

Jumapili, 10 Agosti

Wamekuja, wamekwenda.

Baba alikaa nje karibu na ukuta, mgongo kwa dirisha, kofia gotini. Amekonda. Tulisalimiana kupitia mlangoni bila kupeana mikono. Mama mkwe aliingia, akakaa nami mbele ya kompyuta. Wufa niliiweka dirishani, uso nje.

Nyimbo zilipita. Mahubiri yakapita. Kisha sauti ya Wafula ikaanza: mimi Wafula nakuchukua wewe. Ikasimama.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko nilivyokikumbuka.

"Sauti imekatika," nikamsikia Boaz nje. "Si nilisema?"

Mama mkwe akanitazama. Hata mimi mkono ulienda kwenye waya.

"Haijakatika," Baba akasema. "Ni Wafula. Ngojeni."

Tukangoja. Ndani tukangoja, na nje wakangoja. Kisha nikasikia jina langu likipita dirishani kwenda kwake.

Baadaye Baba akakohoa. Akamwambia mama mkwe amwambie msichana wa Shianda, ndiye mimi, arudishe hapo.

Nikarudisha. Akasikiliza yote tena, na kimya chake.

Chakula kilipotengwa, Boaz akasimama kuomba kama anavyofanyanga siku zote.

"Kaa, Boaz," Baba akasema. "Mwenye nyumba ataomba."

Wafula akasimama. Ombi lilichukua muda. Alikwama kwenye "asante," akakwama kwenye "baba." Ugali ulianza kupoa. Hakuna aliyemsaidia neno hata moja.

Mimi nilikuwa ndani, upande wangu wa dirisha, nimefumba macho. Nilisikia yote mpaka amina.

Boaz alijiongezea kuku. Hakusema chochote kuhusu sufuria.

Wufa bado iko dirishani. Nitaitoa kesho.