Minyoo Kwenye Friji Yangu

Baba Nekesa, mume wangu uliyetangulia bila kuniaga vizuri,

Nakuandikia mikono ikinuka. Nimenawa kwa sabuni, nikanawa kwa ndimu, nikapaka ile dawa ya mikono ya kazini, na bado inanuka matope na kitu kingine nisichotaka hata kukitaja. Nimetoka kukatakata mnyoo. Mnyoo mnene, mzima, unajipindapinda juu ya ubao wangu wa vitunguu. Ptu! Ungekuwa hapa ungecheka mpaka ushike ukuta.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ulitoka zamu kule depo ya treni Tyseley, huku huku ughaibuni kwetu, na ndoo yenye kifuniko, ukaingia nayo polepole kama mtu aliyebeba mayai. Mimi nikadhani umepitia kwa wauza samaki, nikabandika mafuta jikoni. Kufunua hivi, namkuta mnyama mweupe, anateleza, si samaki, si mjusi, ana vidole kama vya mtoto, hana kope, na matamvua yake ya kupumulia yananing'inia nje ya shingo, mekundu, bila haya. Na anacheka! "Ni aksoloti," ukasema. "Mwenzangu kazini anahama, hana pa kumweka." Nikakwambia basi ahame naye. Ukamwita Chifu, kwa sababu kazi yake ni kukaa na kungoja kuletewa.

Na anacholetewa chenyewe ni minyoo. Ulikuwa unaitoa mtaa wa Aston, kwa yule muuza chambo cha kuvulia samaki, halafu unaiweka wapi? Kwenye friji yangu! Kwenye mkebe wa aiskrimu! Baba Nekesa, wewe ni mtu wa kwetu, unajua kabisa mkebe wa aiskrimu katika nyumba zetu hauna aiskrimu. Una maharagwe, au nyama ya jana. Ndiyo maana Jumapili ile Mama Brayo wa kanisani aliuchukua apashe maharagwe, akafungua, akapiga yowe majirani wakatoka nje. Nawe hapo mlangoni, mpole kabisa: "Pole mama, hiyo ni ya Chifu." Mpaka leo Mama Brayo akija kwangu anasema amefunga. Kila akija amefunga!

Ukanifundisha na mimi sikutaka. Unanisimamisha mbele ya tangi nikiwa bado na viatu vya kazi. "Mama Nekesa, tazama tumbo. Likilingana na upana wa kichwa, anakula sawasawa. Matamvua yakikunjika kuja mbele, au ncha ya mkia ikijikunja, kuna jambo linamsumbua. Na maji yawe baridi. Huyu si Mluhya." Nikakujibu kwamba mimi kutwa nzima nawatunza wazee wa watu, naangalia nani amekula na nani ametapika, na sitaki kazi hiyo inifuate sebuleni.

Halafu ukaugua wewe. Nakuletea uji wa wimbi hospitalini, moto, wenye limau unavyoupenda, na hata kabla sijaketi unaniuliza, "Chifu amekula?" Kila nikija, Chifu amekula? Nami kwa hasira nakuuliza, na wewe je? Unageuza uso dirishani. Nilikuwa nakisogeza kijiko mdomoni kwako na mdomo haufunguki. Hilo sitalisahau.

Sasa sikia yaliyotokea. Dada yako Nafula alikuja kutoka Bungoma kukaa nasi kwenye matanga, na mpaka leo anavaa jaketi mbili ndani ya nyumba. Nimekwenda kazini, akashika maji ya tangi. "Wifi, binadamu gani mnamlaza mnyama wa ndugu yangu kwenye maji ya barafu?" Akamwongezea maji moto ya birika. Akalisukuma tangi lote hadi kwenye redieta inayopasha nyumba joto. Kisha, kwa sababu kwetu kwenye matanga hapitwi mtu na sahani, akampakulia omena, dagaa wetu wa ziwani. Omena wa kukaanga, Baba Nekesa! Na kitunguu, na nyanya, na chumvi! Alimpa kwa upendo kabisa, na ndiyo maana nilishindwa hata kumfokea.

Narudi, nakuta maji yametanda mafuta juu. Chifu ameelea upande kama ganda. Matamvua yamekunjika mbele, mkia umejikunja ncha, vilevile ulivyosema. Akafungua mdomo mbele yangu akatapika omena, mzima, na jicho lake. Nilikimbilia sinki. Kazini nimeona kila kitu kinachoweza kutoka kwa binadamu, lakini hicho kilinishinda.

Kesho yake matamvua yakaota kitu cheupe kama pamba, ukungu. Nekesa akasimama pale, mtoto asiyekubali kunijibu Kiswahili, akaniambia kwa kile Kiingereza chake cha hapa kwamba hawezi kuzika mwingine. Ikabidi. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo ndani ya beseni, tumeketi katikati ya paka na mbwa, watu wananitazama. Akanipa dawa ya ukungu, akasema maji safi yasiyo na klorini kila siku, yapozwe taratibu, na asipokula tusitarajie mengi.

Basi mimi, mkeo, nikawa nabadilisha maji yenye kinyesi chake kwa mikono yangu. Namzungushia chupa za barafu. Namkatia mnyoo, namsogezea, anageuza uso. Kesho tena, anageuza uso. Tumbo likapungua, kichwa kikabaki kikubwa peke yake. Nafula analia jikoni, anasema amemuua mnyama wa ndugu yake. Nami nashikilia kipande cha mnyoo puani pa kiumbe ninachokichukia, namwambia, tafadhali, kidogo tu, fungua mdomo. Nilijisikia nikisema. Ni maneno yaleyale niliyokuwa nakwambia wewe.

Leo asubuhi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nikaushika mnyoo kwa vidole, maana kile kibano chako cha kumlishia kimepotea, nikautikisa kidogo majini. Akatulia. Halafu, kap! Akanyakua, pamoja na ncha ya kidole changu. Nimesikia ufizi wake! Nikapiga kelele, nikatapika, nikaketi kwenye sakafu ya jikoni nikalia jinsi ambavyo sijawahi kulia tangu uondoke. Nafula na Nekesa wakaja mbio wakidhani amekufa.

Bado namchukia. Friji yangu bado ina minyoo, na mkebe nimeuandikia jina lake kwa wino mwekundu. Lakini lile swali lako sikuwahi kukujibu vizuri.

Amekula, Baba Nekesa. Chifu amekula.

Mkeo anayenuka,
Mama Nekesa