Goroli za Usukani Wako

Danieli, ndugu yangu,

Nimekukasirikia, na sina pa kuipeleka hasira hii ila kwako.

Ulifungua boksi la usukani la Landrova yako, ukaloweka vyuma vyake katika mafuta ya taa, ukaenda Kilosa kutafuta vipuri, ukarudi, ukatundika koti, ukalala. Hukuamka. Mtu mwenye adabu hafi huku gari lake limefumuliwa uani.

Tena, katika vyombo vyote, ulichagua sufuria kubwa ya mkeo. Siku ya msiba akina mama walikusanya kila sufuria iliyokuwapo, wakamwaga vyuma vyako nyuma ya jiko, wakaisugua kwa majivu, wakawapikia waombolezaji wali. Niliula wali huo. Ulinuka mafuta ya taa, nami nikadhani ni majonzi yameniharibu ulimi. Nilipomlaumu mkeo, alinijibu, "Shemeji, sufuria ni sufuria. Watu walikuwa na njaa."

Nati ilipatikana, na shafti pia. Goroli hazikupatikana, kwa kuwa watoto wa hapa kijijini Kidete walikwisha kuziona na kuzichezea. Wajua kwamba goroli hizo huzunguka ndani ya nati. Zikipungua, au zikitofautiana ukubwa, usukani hukwama. Basi mimi, mwalimu mstaafu, nikapita nyumba kwa nyumba nikidai goroli. Mtoto mmoja alinisalimu vizuri, "Shikamoo babu," kisha akakaza ngumi: "Hizi nilishinda, sikuiba." Nilimnyang'anya.

Hata hivyo zilipungua mbili. Nikaziba pengo kwa goroli za baiskeli. Nilisikia sauti yako ikinicheka: "Mwalimu, chuma hakisahihishwi kwa wino mwekundu." Tulipolifunga boksi, usukani ulikata kushoto vizuri; kulia ulikwama, ukalia kama mlango wa ghala. Fundi tuliyemleta kutoka Mikumi akashauri gari liuzwe kama chuma chakavu. Nilimwambia atoke uani.

Hakujua ninachokijua. Mama yako yuko Lumuma, nyonga imemkatalia, pikipiki haimfai. Hakukuzika. Kila nikimpigia simu huniuliza, "Mwalimu, mwanangu mmemlaza kichwa upande gani?" Nimwelezapo, husema hajaona. Nilimwahidi kwamba Landrova yako itamleta aone mwenyewe. Mvua zikianza, barabara ya Lumuma haitapitika, naye hana masika mengi mbele yake.

Jana asubuhi nilikuwa chini ya gari, nikilifungua tena boksi lile. Ardhi ilikuwa baridi. Mkeo akasimama juu yangu: "Shemeji, koti la mwenzio ulipewa la nini? La kutundika?"

Siku ya kugawa nguo zako nilipewa lile koti la kaki. Sikuwahi kulivaa. Lilikuwa na harufu yako, ya grisi na tumbaku, nami sikutaka iishe. Jana nililifuata nyumbani, nikalivaa, nikarudi uani kwako, nikatia mkono mfukoni. Humo zilikuwamo goroli mbili kuukuu, ulizozichukua kwenda kupimia. Na pamoja nazo, ndani ya kipande cha gazeti, goroli mpya. Seti nzima.

Seti nzima, Danieli! Mimi nagombana na watoto wa watu, nabishana na mafundi, nawe ulikwisha kuipata Kilosa, ukaileta, ukanyamaza. Ungalisema neno moja kabla ya kulala. Moja tu. Nilikaa pale chini nikakutukana kwa lugha ya nyumbani kwetu, maana Kiswahili hakikutosha. Kisha nikalia. Mkeo akajifanya anachambua mchele.

Sasa usukani unakata pande zote, laini, kama ulivyokuwa ukiutaka. Jioni niliwarudishia watoto goroli zao. Yule wa "sikuiba" alizihesabu mbele yangu, akanitazama, akazihesabu tena. Nilistahili.

Kesho kutwa alfajiri ninakwenda Lumuma. Kiti cha mbele nimekiwekea godoro. Nitaendesha polepole, kwenye kona nitapiga honi kama ulivyonifunza, nami nitamleta mama yako hadi ulipolala. Nitamshika mkono, nitauweka upande wa kichwa chako, ili asiniulize tena.

Lala sasa, ndugu yangu. Bado nimekukasirikia. Koti nitalivaa.

Ni mimi,
Mwalimu Stefano