Nilivyowapokea samaki wa Mama Edina

Kasulu, Jumapili. Novemba, mvua.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukoma. Kanisani sijaenda. Nimejisingizia mvua, lakini nusu ya watu waliokuwa sebuleni kwangu jana wanasali pale pale, na leo siyataki macho yao.

Naona haya. Niseme mapema nisije nikazungukazunguka.

Mimi ni afisa mifugo. Nimezaliwa Kongwa, ambako samaki nilimjua akiwa mkavu, ndani ya gunia, ananuka. Nilipopangiwa kazi huku Kigoma nikafahamiana na Mama Edina, mkunga wa Kibondo, na mumewe, Mzee Zabloni, dereva wa lori aliyekuwa akirudi na samaki wa mapambo kutoka Dar. Kwao ndiko nilikowaona diskasi kwa mara ya kwanza: samaki bapa, wa duara kama kisahani cha chai, wanaotembea polepole kama watu wasiodaiwa. Walinipumbaza. Mzee akanipa vifaranga kadhaa, nikaja nao Kasulu. Maji yetu ya milimani ni laini, wakayapenda. Baridi tu ndiyo adui yao, kwa hiyo hita ya kupashia maji haizimwi.

Mkubwa wao namwita Mkurugenzi, kwa sababu hapiti mtu mbele yake bila ruhusa.

Mzee Zabloni alifariki mwaka jana. Sasa Mama Edina amestaafu na anahamia kwa binti yake, Kigoma mjini. Huku anayehama huwaachia wenzake vitu visivyopanda lori: kuku, paka, mgomba wa uani. Mimi nimeachiwa samaki wawili wa mwisho wa mzee. Mmoja mwekundu, ana nguvu zake. Wa pili wa bluu, amezeeka, pezi limepinda, na ndiye aliyekuwa akila mkononi mwa marehemu. Wakati wa kunikabidhi, Mama alinishika mikono yote miwili, hakuniachia upesi.

"Yewe mwanangu, huyu wa bluu ndiye niliyebaki naye wa baba yao. Nakupa wewe, sikumpa mwingine, maana wewe unajua wanyama."

Najua wanyama!

Ijumaa tu nilikuwa Makere, nikiwafundisha akina mama wa kikundi cha kuku. Nikawaambia kuku mgeni haingizwi bandani mchana kweupe wenzake wakimkodolea macho. Subirini giza, mumpandishe kwenye kichanja, wakiamka wamkute. Na jogoo mkorofi atolewe kwanza, akae pembeni siku chache, ili akirudi naye awe mgeni. Nilisema kwa ile sauti yangu ya semina. Walinipigia makofi.

Diskasi ni hivyo hivyo. Unazima taa za tangi, unahamisha mawe na magogo ili kila mmoja apoteze mtaa wake, mkorofi unamtenga, ndipo unawatia wageni. Hakuna wa kunifundisha hilo.

Jana nilitangaza kwenye kundi la WhatsApp la ofisini, nikawaambia na majirani. Huku mgeni haingii kwa kificho. Ukimpokea kimya kimya watu watauliza unaficha nini. Hicho ndicho kisingizio changu. Ukweli ni kwamba nilitaka sifa. Niliporudi kutoka Kibondo na ndoo yangu imevikwa blanketi, sebule ilikuwa imejaa. Nikawasha taa zote. Mawe sikuyagusa, kwa sababu nilikuwa nimeyapanga yakapendeza. Mkurugenzi sikumtoa, kwa sababu ndiye urembo wangu, na watu walikuja kumwona yeye.

Nikawatia.

Mwekundu alipita pembeni, akajitafutia nafasi. Wa bluu alisimama katikati, hajui aende wapi. Mkurugenzi akamwendea moja kwa moja, akampiga ubavuni. Akageuka, akampiga tena. Jirani yangu Baba Jofu, ambaye hawezi kuona watu wamekusanyika akanyamaza, akaanza kutangaza kama yuko redioni: "Mkurugenzi huyooo, anaingia kwenye boksi! Mgeni chali! Refa anasema twende!" Watu walicheka hadi wakashikana mabega.

Na mimi nikacheka.

Ingekuwa kucheka tu, labda leo ningekwenda kanisani. Nilisema pia, kwa sauti ya kusikika, "Mwache ajue nyumba ina mwenyewe." Nilikuwa naona fahari. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa napona kwa kupigiwa makofi huku mgeni anapasuliwa.

Diskasi akiogopa hubadilika rangi, akawa mweusi. Yule wa bluu alikuwa mweusi kama mkaa. Alijibana kwenye kona nyuma ya hita, kichwa chini, magamba yamebanduka ubavuni, jicho moja limeingia ukungu. Nilikuwa nimeanza kutafuta wavu simu ilipoita. Mama Edina. Mikono yangu ilikuwa imelowa, nikabonyeza spika.

"Wageni wangu wamefika, mwanangu? Yule wa baba amekula?"

"Amekula, Mama. Anacheza na wenzake."

Sebule nzima ilisikia, na wote walikuwa wanamtazama samaki mwenyewe. Hakuna aliyecheka tena. Baba Jofu alitazama viatu vyake, kisha akasema ng'ombe wake hawajanyweshwa. Wakaondoka mmoja mmoja, wakaacha soda zimefunguliwa na hazijaisha.

Mganga hajigangi, sawa. Lakini mganga hasimami mbele ya mgonjwa akatangaza kwamba anacheza.

Walipotoka nikafanya yote niliyopaswa kuyafanya kabla hawajaingia. Nikamtenga Mkurugenzi, nikahamisha mawe, nikazima taa. Leo asubuhi mwekundu amekula. Wa bluu yuko pale pale.

Nimeshindwa kunywa chai, nikampigia Mama. Nilikuwa nimepanga maneno: nianze na mvua, niulizie mizigo, niulizie lori. Yote yakanipotea.

"Mama, jana nilikudanganya."

Nilisikia mtu akiburuta sanduku sakafuni kwake.

"Nilijua jana ile ile," akasema. "Yule ukimhamisha hali kitu. Hata baba yao alikuwa anamngoja, anavuta kiti akae naye. Nikasema nimwache huyu mtoto, ataniambia mwenyewe."

Angenitukana ningepumzika. Nikamweleza yote, taa, mawe, jinsi watu walivyocheka na yale maneno niliyoyasema. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Na wewe ulicheka?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya."

Kisha akaniambia kwamba basi lake la Jumanne linapita hapa Kasulu, atashuka amwone samaki wake. Hakusema amenisamehe. Hakusema atamchukua. Hata kama atanywa chai kwangu hakusema, na kwa mtu kama Mama Edina hilo nimelisikia zaidi ya yote.

Mvua inapiga bati. Nimekaa mbali na kioo nisimtishe wa bluu. Naona tu mashavu yake yakifunguka na kujifunga, haraka haraka. Sijui kama yeye ataifikia Jumanne.

Mimi nitaifikia, nitake nisitake.