Programu Aliyoiita Yake

Mulembe, Mama.

Natumai goti limepoa na mvua ya Ndalu haijakufungia nyumbani. Mimi ni mzima, na baridi ya huku Ujerumani nimeizoea.

Umeniuliza mara mbili mbona Wafula wa Misikhu amerudi kwao ghafla. Wacha nikwambie mwenyewe, kabla hujaisikia kwa wengine.

Unajua ni mimi nilimpokea. Alilala kwenye kochi langu miezi mitatu, na hata kazi kwetu nikamtafutia. Wakati huo nilikuwa natengeneza programu ya kuchunga mafaili: mtu akibadilisha hata neno moja kwenye kompyuta yake, wenzake wanajulishwa hapo hapo. Shida ni kwamba kompyuta za Windows, za Mac na za Linux, kila aina ina njia yake ya kutoa habari. Moja inakutajia faili lililoguswa. Nyingine inakwambia tu folda hii imeguswa, ujitafutie mwenyewe. Upande wa Mac ulinitesa karibu mwaka mzima.

Kisha nikalazwa, yale mawe ya nyongo. Kurudi kazini, nikakuta mkubwa wetu anasifu programu ile ile kuwa ni ya Wafula. Jina langu limefutwa. Nikamuuliza.

"Si tuliifanya pamoja, bana? Na wewe ulikuwa mgonjwa."

Nikarudi mezani kwangu. Nilikuwa nimeona kwamba alichukua ile ya zamani, ambayo kwa Mac ilikuwa bado haifanyi kazi. Iliyokamilika ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Wiki tano nilimsalimia kila asubuhi, nikingoja siku ya kumwonyesha mteja programu.

Siku ilipofika, mteja alikuja na Mac yake. Akabadilisha neno, akahifadhi. Programu kimya. Akarudia. Kimya. Wafula akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Nekesa, nisaidie."

"Mwenye programu ni wewe," nikamwambia.

Nilimwacha ahangaike mpaka mteja akaanza kufunga begi. Ndipo nikaweka ile yangu. Mteja alihifadhi, na taarifa ikatokea kwa kila kompyuta mezani. Mkubwa akauliza nani ameiandika. Nilimtazama Wafula mpaka akasema kwa mdomo wake, "Ni yeye."

Alifutwa kazi siku hiyo, na bila kazi kibali cha kukaa huku kinaisha. Alikuja mlangoni kwangu na mfuko wake, ati nimwandikie mkubwa kwamba hatukuelewana tu.

"Andika mwenyewe," nikamwambia. "Si wewe ndiye huandika kila kitu?"

Nikafunga mlango, na chai yangu ilikuwa bado moto.

Najua utaniambia nimsamehe, kwamba mmeimba kwaya moja na mama yake tangu mkiwa wasichana. Nimekusikia. Moyo wangu haujataka.

Nisalimie kaka Barasa na mbao zake huko Kitale, na shangazi Nasimiyu wa Tuwan, aliyenifundisha kusoma. Mama yake Wafula akikuuliza kama nilimwonea mwanawe, msomee barua hii yote.

Binti yako,
Nekesa