Jicho la Ng'ombe Nililolitupa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole nyingi kuliko salamu. Natumaini umeamka vizuri na macho yamekupa angalau nafuu ya asubuhi. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia. Mwambie binti yako anayekusomea asome polepole, asiruke mstari.

Mwaka jana ulinipigia simu ukaniuliza mbona dawa wanayopaka sponji za makochi inawasha. Nilikucheka. Nilikuambia hiyo ni ya kuzuia moto, sebule ya mtu isiteketee kwa kijiti kimoja cha kiberiti, na kwamba nimeipima mwenyewe maabara, haina neno, wewe shona tu. Nawe ukawatangazia wenzako karakanani kwamba aliyeipima ni mdogo wako. Ulijivunia, dada. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Sijawahi kukueleza tunavyopima. Ngozi tunayo ya kuoteshwa kwenye visahani, nyembamba kama utando wa maziwa. Macho tunayachukua machinjioni, ya ng'ombe, kwenye ndoo ya maji ya chumvi na barafu. Ndiyo, yule mdogo wako aliyekimbia kuku akichinjwa, leo anabeba ndoo ya macho. Kabla ya kazi unayakagua moja moja dirishani. Lenye mkwaruzo au ukungu unalitupa. Kisha unatia dawa, unasubiri, unaosha, unamulika taa. Mwanga ukipita, dawa ni salama.

Siku ya dawa yenu nilipima matatu. Mawili yalibaki maangavu. La tatu likafanya ukungu kama kioo cha bafuni. Nikasema moyoni, hili lilikuja bovu toka machinjioni, nilipitiwa tu. Nikalitupa, nikachukua jingine, likatoka safi. Nikaandika kwamba macho yalikuwa matatu na yote ni safi. Msimamizi akasaini bila kuuliza, kwa kuwa ananiamini.

Sikupitiwa, dada. Nililishika dirishani asubuhi ile na halikuwa na doa. Kazi ilishachelewa wiki mbili, nilitaka kumaliza, nikajidanganya. Juzi nilipokuja kukuona nilipita karakanani nikasoma namba kwenye pipa la dawa. Ni ileile niliyoipima. Ukaniambia pengine umeharibu macho kwa kumlilia marehemu shemeji, nami nikanywa chai yako.

Si machozi. Ni mimi.

Leo nimempelekea msimamizi matokeo ya kweli. Nikifukuzwa, na iwe hivyo. Lakini karatasi za ofisi huzunguka miezi, na pipa liko wazi. Tena nimesikia kiti chako cha cherehani hakijakaa kitupu, kuna mtu wa nyumbani amekirithi.

Kwa hiyo mistari hii ya mwisho ni yako, mpwa wangu unayesoma. Kesho usiende karakanani. Kanawe uso sasa hivi kwa maji mengi, kisha rudi umsomee mama yako pale nilipoandika kwamba ni mimi, maana nakujua, ulipofika hapo ulinyamaza.

Wasalimieni wote wanaoniulizia. Sitauliza kama nimesamehewa.

Mdogo wako, na mjomba wako,
Mdadisi